Makorongo ya Kimberley: Mwongozo kwa Anayekwenda Kupiga Kambi

Msomaji aliyelelewa katika nchi ya simba na tembo, anapoambiwa kwamba katika nyika ya kaskazini-magharibi ya Australia hakuna mnyama wa nchi kavu atakayemvizia usiku amle, aghalabu hukata shauri kwamba safari ya huko ni tafrija tu, na kwamba kofia na nguo mbili tatu zamtosha; na hapo ndipo lilipo kosa la kwanza. Katika eneo la Kimberley mwenye kudhuru ni masafa, na joto, na zaidi ya yote ni maji: maji yakikosekana, maji yakizidi, na maji yaliyotulia yenye mamba chini yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayekusudia kulipia safari ya kuongozwa, kwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, akilala kambini kutoka Broome ulio pwani hata Kununurra ulio karibu na mpaka wa Northern Territory. Anayetaka kuendesha mwenyewe huenda akapata humu faida mbili tatu, lakini mahitaji yake ni mengine.

Yafaa kwanza uijue nchi yenyewe. Kimberley ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 424,000, yaani karibu robo tatu ya Kenya nzima, na watu wake wote hawafiki hamsini elfu. Njia iipasuayo katikati ni barabara ya Gibb River, yenye urefu wa kilomita 660 hivi, iliyotengenezwa ili ng'ombe wa mashamba makubwa ya bara wapelekwe kwenye bandari za Derby na Wyndham, wala haikukusudiwa kamwe kwa starehe ya watalii. Sehemu kubwa yake ni changarawe iliyojikunja migongo midogo midogo kama bati la paa, na gari likipita juu yake kila msumari ndani ya gari hupiga kelele. Vituo vya mafuta vimeachana kwa mamia ya kilomita, simu ya mkononi haipati mawasiliano sehemu nyingi, na hospitali ya karibu huenda ikawa mwendo wa siku nzima. Ndiyo sababu mimi humshauri mgeni aende na kiongozi mara ya kwanza, hata akiwa dereva hodari wa barabara za kwetu. Kwani ujuzi wa usukani ni jambo moja, na kujua mto upi una kina kiasi gani wiki hii ni jambo jingine.

Msimu kwanza, tarehe baadaye

Sisi watu wa pwani tuna kaskazi na kusi, na mwenye kuzielewa pepo hizi mbili hana haja ya kufundishwa sana majira ya Kimberley. Wakati kwetu inapovuma kaskazi, kule pepo zenye mvua hutoka baharini upande wa kaskazini-magharibi, zikaleta radi, gharika na mara nyingine tufani kubwa, kuanzia Novemba hata Aprili. Na kwetu inapotawala kusi, kule nako huvuma upepo mkavu kutoka ndani ya bara upande wa kusini-mashariki, mbingu ikatakata na ardhi ikakauka, kuanzia Mei hata Oktoba. Nguvu ya masika yao si ya kufanyia mzaha. Januari 2023 mto Fitzroy ulifurika ukalivunja daraja la Fitzroy Crossing, barabara kuu ikakatika, na daraja jipya halikufunguliwa hata Desemba ya mwaka ule ule.

Hapa ndipo msafiri apatapo mtihani wake. Maporomoko ya maji hutaka mvua, na barabara hutaka jua. Ukienda mapema mno utayasikia maporomoko kwa masikio ya watu wengine, maana njia ya kuyafikia imefungwa, na ukienda umechelewa utafika salama salimini mpaka ukingoni, ukakuta jabali kavu lenye doa jeusi mahali maji yalipokuwa yakipita. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza likizo yako ni lini. Anza kwa kuuliza maji yako wapi mwezi huo, kisha ndipo uombe likizo.

*KISANDUKU: MWEZI GANI?*

*Mei.* Maji ni mengi na nchi bado ina majani mabichi. Lakini baadhi ya njia, khasa ile ya kwenda maporomoko ya Mitchell, huenda bado hazijafunguliwa, na kampuni itakubadilishia ratiba.

*Juni na Julai.* Njia nyingi zimefunguliwa, maporomoko makubwa yangali na nguvu, mchana una joto la kustahimilika. Usiku katika sehemu za bara joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Julai ina likizo za shule, kwa hiyo kambi hujaa.

*Agosti.* Hali ya wastani. Maporomoko madogo yameanza kukonda.

*Septemba.* Joto la mchana hupita nyuzi 35, watu hupungua, maji mengi yamebaki vidimbwi.

*Oktoba hata Aprili.* Usiende kwa safari ya namna hii. Oktoba ni tanuri, na baada yake ni mvua.

Lau ningeulizwa nichague mwezi mmoja tu, ningechagua Juni, nikavumilia baridi ya alfajiri.

Kuichagua kampuni

Kiongozi wa safari hizi si mtu wa kukuonyesha ndege na kukutajia majina ya milima tu. Yeye ndiye dereva, ndiye fundi gari likiharibika, ndiye mpishi, na ndiye tabibu wa kwanza mtu akianguka jabalini. Kwa hiyo unapolinganisha bei za kampuni mbili, jua kwamba tofauti yake haiko katika mandhari, kwani makorongo ni yale yale kwa wote, bali iko katika mtu huyu na gari lake. Kabla ya kutoa fedha, andika barua na uulize haya kwa utaratibu, na ujibiwe kwa maandishi:

1. Gari ni la namna gani, hubeba abiria wangapi, na viongozi ni wangapi? Kiongozi mmoja kwa watu zaidi ya ishirini amezidiwa.

2. Je, gari lina simu ya setilaiti na kifaa cha kutoa ishara ya dharura, na ni nani mwingine atakayefundishwa kuvitumia siku ya kwanza? Swali hili wengi hulisahau. Kiongozi naye ni binadamu, huweza kuumwa na nyoka au kuvunjika mguu.

3. Vibali vya kupita katika ardhi ya wenyeji wa asili vimo katika bei? Maporomoko ya Mitchell, ambayo wenyewe huyaita Punamii-Uunpuu, yako katika nchi ya watu wa Wunambal Gaambera, na mgeni hupaswa kuwa na kibali chao, kiitwacho Uunguu Visitor Pass.

4. Njia ikifungwa, tutapelekwa wapi badala yake, na je, kuna fedha itakayorudishwa?

5. Nitalala ndani ya hema au juu ya godoro la turubai nje? Kazi za kambini ni zipi, na ni za lazima au za hiari?

6. Matembezi marefu kabisa ni ya saa ngapi, na asiyeweza atakaa wapi na nani?

7. Chakula kitapikwaje kwa asiyekula nguruwe?

Nakuonya juu ya ratiba inayotaja makorongo matatu kwa siku moja. Yaonekana kuwa na baraka katika karatasi, lakini maana yake ni kwamba utashuka garini, utapiga picha, utapanda garini. Korongo moja lililokaliwa tangu asubuhi hata alasiri lina thamani kuliko matano ya mbio.

Jambo la bima lisikupite. Soma waraka wake uone kama unataja kwa maneno dhahiri kuchukuliwa kwa ndege kutoka mahali pa mbali. Kama haukutaja, tafuta bima nyingine.

Mzigo

Kampuni aghalabu huruhusu kilo 15 au pungufu, tena katika mfuko laini usio na magurudumu, kwani mizigo ya watu wote hupangwa na kushindiliwa mahali pamoja. Udongo wa huko ni mwekundu, nao huingia kila palipo na upenyo, wala hautoki katika nguo. Kwa hiyo kanzu nyeupe na kila kilicho cheupe kiache nyumbani.

Hakikisha una:

- viatu vya kutembelea vilivyokwisha kuvaliwa, si vipya;
- viatu vingine vyepesi vya kuingia navyo majini;
- kofia pana, na shati la mikono mirefu;
- sweta nene na soksi za usiku;
- vyombo vya maji vya jumla ya lita tatu, usivyoviona vizito;
- tochi ya kufunga kichwani, na betri za akiba;
- wavu wa uso wa kuzuia nzi;
- mfuko usiopenya maji, wa kutilia simu na dawa;
- dawa zako zote za muda wote wa safari na siku tano zaidi, maana duka la dawa halipo;
- bendeji pana za kunyumbuka, mbili au tatu.

Pana neno la faragha kwa atokaye kwetu. Forodha ya Australia ni kali mno juu ya vitu vya chakula na vya mimea, na karatasi upewayo ndege ikikaribia kutua yataka utangaze mbegu, asali, matunda, vinyago vya miti na viatu vyenye udongo. Ukitangaza, huenda wakakuachia au wakakichukua, basi, yamekwisha. Ukificha, ni faini. Pakiti ya ubuyu wa Zanzibar uliyomchukulia ndugu yako aliyeko Perth ni mbegu za mti, hata ikiwa imetiwa sukari na rangi. Itangaze, na wakiichukua usigombane nao. Viatu navyo vioshe nyumbani kwa brashi mpaka nyayo. Tena, ikiwa umetoka au umepita katika nchi yenye homa ya manjano, chukua cheti cha chanjo.

Siku moja kambini

Saa za Australia ya Magharibi zimetangulia zetu kwa saa tano, lakini kwa kuwa Kununurra iko mashariki sana katika jimbo lenye saa moja tu, jua hukutangulia wewe na saa yako. Mwezi wa Julai huko jua hutua mara tu baada ya saa kumi na moja jioni, na giza huingia kwa haraka. Kwa hiyo safari ya siku huanza mapema, watu huamka kabla ya mapambazuko, na kambi yatakikana iwe imekwisha kupangwa ifikapo saa kumi. Usione kiongozi anawaharakisha ukadhani ana hasira. Anashindana na jua.

Kitanda chenyewe huitwa swagi, nacho ni mfuko wa turubai nzito wenye godoro jembamba ndani yake, ukizungushwa huwa mtumba, ukifunguliwa huwa malazi. Kukitandika kuna taratibu yake:

1. Tazama juu kwanza. Mikaratusi ya huko hudondosha matawi mazito bila ya upepo wala ishara, wala usilale chini ya tawi hata kivuli chake kikikutamanisha.

2. Tazama chini. Ondoa mawe, na uchungue njia za siafu na mashimo.

3. Usitandike katika mkondo mkavu wa mto, wala karibu na ukingo wa maji. Mita 50 na zaidi kutoka majini ndiyo kanuni.

4. Fungua swagi wakati wa kulala tu, si alasiri, ili mdudu asikutangulie kuingia.

5. Viatu viingize ndani ya turubai, au vikung'ute asubuhi kabla ya kuvivaa.

6. Alfajiri, kunja swagi ikiwa kavu. Ikiwa na umande, ianike wakati mnakunywa chai.

Juu ya chakula, mwenye kufuata halali asingoje mpaka kambini akaanza kuuliza nyama hii ya nini. Viongozi wengi ni watu wema, lakini sufuria ni chache, na asubuhi nyama ya nguruwe iliyokaangwa katika kikaango ndiyo furaha ya wengi wao. Andika mapema, na uombe kikaango chako peke yako, au ununue mwenyewe mjini Broome samaki wa kopo, dengu na mchele. Kwa mwenye kuswali, kibla cha Kimberley ni upande wa magharibi ukipinda kidogo kaskazini, na kwa kuwa maji ya safarini hupimwa, kiongozi mwambie mapema unahitaji kiasi gani cha kutawadha. Pengine kambi iko kando ya kijito, na pengine hapana tone ila lile la kunywa, hapo ndipo rukhsa ya kutayamamu ipatapo maana yake.

Kuingia majini

Korongo la Windjana, kwa lugha ya wenyeji Bandilngan, limekatwa na mto Lennard katika milima ya Napier, ambayo kwa asili ni mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Mtu wa pwani akiligusa jabali lile atalitambua bila ya kufundishwa. Hapo utaona mamba wa maji baridi wengi wamejianika mchangani. Nao ni wale wenye domo jembamba, hawana tabia ya kuwinda watu, illa wakikanyagwa au wakizingirwa huuma.

Si mbali na hapo kuna Tunnel Creek, Dimalurru, kijito kilichojitobolea njia chini ya milima kwa urefu wa mita 750 hivi. Nakieleza kwa kirefu kidogo kwani ndipo wageni wasiojiandaa huona taabu. Utaingia kwa kupenya baina ya majabali makubwa yaliyosuguliwa na maji yakateleza, halafu mchanga, halafu ghafula maji ya kifundo, ya goti, pengine ya kiuno, tena baridi mno kwa mtu aliyetoka juani dakika tano zilizopita. Katikati paa limeanguka, mwanga huingia kwa juu pamoja na mizizi ya miti inayoning'inia, na popo hulia. Kisha giza tena, mpaka upande wa pili. Enenda na mtu mbele na mtu nyuma. Weka tochi kichwani, mikono iwe huru. Kanyaga mchanga, si jiwe. Na ukiona macho mekundu mawili majini tochini, zunguka taratibu, usimulike karibu wala usirushe kitu. Mahali hapa ndipo alipojificha Jandamarra, kijana wa Wabunuba aliyewahi kuwatumikia polisi, kisha mwaka 1894 akawageukia na kuwafungua wafungwa wa kabila lake, akapigana nao miaka mitatu mpaka alipouawa karibu na hapo mwaka 1897. Kiongozi mwema atakusimulia mkiwa ndani, tochi zimezimwa.

*KISANDUKU: MAMBA*

Wako wa namna mbili. Wa maji baridi ana domo jembamba, na urefu wake kwa kawaida haufikii mita tatu. Wa maji ya chumvi ana domo pana, dume lake huweza kupita mita tano, naye ni mla watu. Jina lake lisikudanganye: hupanda mito mpaka mbali na bahari, akakaa katika maji matamu.

- Usiogelee mahali popote kabla kiongozi hajasema, hata ukiwaona wageni wengine wamo majini.
- Kibao cha onyo kikiwapo, mjadala umekwisha.
- Usisimame ukingoni kuosha vyombo au kuteka maji, wala usirudi mahali pale pale kila jioni.
- Mabaki ya samaki na ya chakula yasitupwe karibu na kambi.

Kuna kanuni moja ya madereva wa njia mbovu, nayo ni kwamba mto usiojulikana hupimwa kwa miguu kabla gari halijatiwa. Katika mto Pentecost, ulio chini ya milima mizuri ya Cockburn karibu na mwisho wa barabara, kanuni hii imebatilika, kwani mamba wa chumvi wamo. Hapo dereva husimama, hutazama gari jingine likivuka, hupima kwa macho, kisha huingia polepole na kwa mwendo ule ule mpaka ng'ambo. Wewe abiria funga dirisha, keti, na picha zako zipige kutoka ndani.

Mahali pa kuogelea kwa furaha hapakosekani. Korongo la Bell, au Dalmanyi, lina maporomoko ya ngazi ngazi na kidimbwi kipana chini yake. Galvans iko karibu na barabara, nayo yafaa kwa mwenye magoti mabovu. Manning huanza kwa kuvuka mto, aghalabu kwa kuogelea au kwa kimashua kivutwacho kwa kamba, kisha mwendo wa saa moja juani. Hapo ndipo mfuko usiopenya maji uonekanapo na maana. Katika eneo la El Questro, korongo la Emma lina maji ya baridi ya kukata pumzi chini ya kuta ndefu zisizopata jua, na chemchemi za Zebedee ni za vuguvugu chini ya minazi ya porini, lakini hufungwa adhuhuri, kwa hiyo nenda asubuhi.

Usiruke kutoka jabalini. Najua vijana wote huruka, na kila mwaka maji hushuka au jiwe husogea. Mguu uliovunjika mjini ni jambo la saa moja. Kimberley ni jambo la helikopta.

Ama maporomoko ya Mitchell yanataka maelezo yao. Kutoka barabara ya Gibb River kwenda huko ni zaidi ya kilomita 240 za njia ya vumbi na mawe, na kutoka kambini hata maporomoko ni kutembea, kwenda na kurudi kilomita 8.6. Maji hushuka madaraja manne, kila daraja na kidimbwi chake. Wenyeji wameomba watu wasiogelee katika vidimbwi hivi, maana mahali hapo pana hadhi kwao. Na kwa hakika joto la mwendo ule likikushika utatamani. Ondoka alfajiri na lita tatu za maji, pumzika katika maporomoko madogo ya Mertens yaliyo njiani, na usikubali kuanza baada ya saa tatu asubuhi. Wengine hurudi kwa helikopta, na kwa mtu mzima hii si fedha ya kupotea.

Nyoka na joto

*KISANDUKU: MTU AKIUMWA NA NYOKA*

1. Mlaze papo hapo. Asitembee hata hatua moja.
2. Usikate, usinyonye, usioshe jeraha. Sumu iliyobaki juu ya ngozi husaidia hospitali kumtambua nyoka.
3. Funga bendeji pana juu ya jeraha, kisha nyingine kutoka vidoleni ukipanda kiungo chote, kwa mkazo wa kufungia mtu aliyeteguka.
4. Tia kijiti na ukifunge ili kiungo kisikunjike.
5. Kiongozi aite msaada kwa simu ya setilaiti. Madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service, wamekuwa wakifanya kazi hii tangu 1928, nao hutua katika viwanja vya mashamba ya ng'ombe.

Hadhari: taratibu hii ya bendeji ni ya nyoka wa Australia. Usiirudishe nyumbani ukaitumia kwa aliyeumwa na kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama; kuifunga huzidisha madhara.

Joto huumiza wengi kuliko nyoka. Unywe kabla ya kiu, lita nne au tano kwa siku, na utie chumvi kidogo katika chakula. Mwenzio akianza kunyamaza, akaghafilika, akajikwaa mahali pasipo na kitu, mketishe kivulini, mmwagie maji, usingoje aombe.

Adabu ya nchi ya watu

Makorongo haya yote yana wenyewe, na kuta zake nyingi zimechorwa. Michoro ya Wandjina, yenye nyuso kubwa, macho meusi na wala haina kinywa, si mapambo ya watu wa kale waliotoweka; watu wake wapo, wanaiamini na wanaihifadhi hata leo. Usiiguse, kwani mafuta ya mkono huharibu rangi. Usipige picha kabla ya kuuliza. Usiingie pango ambalo kiongozi hakukupeleka, wala usiokote jiwe la ukumbusho.

Mibuyu nayo utaiona, na moyo wako utaruka. Ni ndugu wa mbuyu wetu, wa ukoo mmoja na ile ya Bara la Afrika na Madagaska, ila huu wa Kimberley una tumbo zaidi. Ule maarufu ulio karibu na Derby umezungushiwa uzio kwa sababu ni mahali pa heshima kwa wenyeji. Kaa nje ya uzio, na jina lako usilichonge katika mti wowote.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Wapo wanaokuja na viatu vipya, na siku ya pili wanatembea peku. Wapo wanaojaza chupa moja ndogo kwa kuwa korongo lina maji, wakasahau kwamba baina ya gari na korongo ni saa nzima ya jua. Wapo wanaokwenda haja usiku bila ya tochi wala kumwambia mtu. Wapo, nao ni wengi, wanaojitenga na kundi ili wapate picha isiyo na watu. Na wapo wanaokaa kitako jioni kiongozi akiosha vyombo vya watu kumi na wanane. Hilo halihatarishi roho ya mtu, lakini kufika siku ya tano hakuna atakayekuachia kiti cha mbele.

Kufika mwisho

Ikiwa safari yako inaanzia Darwin kuja magharibi, jua kwamba mpakani karibu na Kununurra kuna kituo cha ukaguzi ambapo matunda, mboga na asali huchukuliwa, kwa hiyo uvile au uvitupe kabla. Ikiwa unamalizia Kununurra, usikate tiketi ya ndege ya jioni ile ile ya kufika. Gari likipasua magurudumu mawili katika barabara ya changarawe, au mto ukipanda kwa mvua isiyo ya msimu, mtachelewa nusu siku au siku nzima, na kampuni haitakulipia ndege iliyokuacha. Weka siku moja baina ya kufika na ndege, ufue nguo mara mbili, na uoshe viatu kwa brashi mpaka nyayo.